Kidonge cha miale kisitolewe bila kuangalia miaka ya mtu

Mhariri,

Niko hapa Kisauni, nataka kusema kidogo juu ya hiki kidonge cha ayodini ya miale wanachopewa watu ambao tezi ya shingo inafanya kazi kupita kiasi, wale moyo unaenda mbio, wanakonda na mikono yatetemeka. Mtaani ukikitaja tu unaambiwa ati utapata kansa. Ukifika kliniki unaambiwa hakuna shida yoyote, weka sahihi hapa. Kwetu wamekimeza wawili, khalati wangu aliyepita sitini na binti yake aliyemaliza sekondari juzi tu, na wote walisomewa maneno yaleyale, sasa hiyo ni haki kweli?

Manake miaka ndio jambo lenyewe. Tiba hii si ya jana, ilianza Boston 1941, na wagonjwa wa zamani wa Marekani na Uingereza wamefuatiliwa sana. Utafiti uliotoka 2019 uliangalia watu karibu 19,000 ukaona miale ikizidi mwilini, hatari ya kufa kwa kansa, ya matiti ikiwemo, nayo yapanda kidogo, ingawa kuna wataalamu wanaoubishia. Lakini kansa ya miale huchukua miaka mingi kujitokeza. Khalati na moyo ule uliokuwa ukimdunda ovyo, wallahi kilimfaa, ila msichana maisha yote yako mbele, yeye alifaa aambiwe kuna kabimazoli, dawa ya kutuliza tezi, na kuna upasuaji halafu achague mwenyewe, na akichagua kidonge ajue asishike mimba kama miezi sita hivi. Watoto ndio kabisa! Baada ya ajali ya mtambo wa nyuklia wa Chernobyl 1986 waliopata kansa ya tezi kwa wingi ni waliokuwa watoto, wengi kwa maziwa yaliyoingia ayodini hiyohiyo, ndio maana madaktari hawapendi kumpa mtoto wa chini ya miaka mitano.

Halafu karatasi ya kliniki yasema mgonjwa alale peke yake, akae mbali na watoto na waja wazito, kwa vile nguvu ya hii ayodini hupungua nusu kila siku 8. Sawa, lakini nyumba zetu za Kiswahili choo ni kimoja uani na wajukuu wanalala na bibi yao, nani aliuliza? Khalati ilibidi ahamie kwa shoga yake mjane Likoni. Waulize kabla mtu hajameza bas, na wamwandikie kiasi cha dawa alichopewa, mwakani huenda akatibiwa na daktari mwingine.

Msomaji, Kisauni