Jambia la marehemu

Appenzell, Mei

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi, na shikamoo yangu mfikishie mama. Theluji imeyeyuka, ng'ombe wako malishoni, nami mzima.

Yule bibi ninayemtunza ana jambia limetundikwa juu ya kitanda. Mimi nikidhani pambo. Jumapili iliyopita asubuhi nikalishusha nilifute vumbi, akaniambia, "Taratibu, mwanangu, hiyo ndiyo kura ya marehemu mume wangu." Kumbe huku Appenzell Innerrhoden, jimbo dogo la Uswisi, kila Jumapili ya mwisho ya Aprili, raia hukusanyika uwanjani wakapiga kura kwa kunyoosha mkono. Mwanamume akiwa na jambia kiunoni haulizwi kadi. Wanawake walikuwa wakisimama nje ya kamba, wakitazama.

Unajua waliingia lini? 1991! Uswisi nzima, tarehe 1 Februari 1959, wanaume 67 katika kila 100 walisema wanawake wasipige kura. Wakaja kukubali 7 Februari 1971. Hapa wakakaza kamba: uwanja ulikataa 1973, ukakataa 1982, ukakataa tena Aprili 1990. Ndipo Theresia Rohner, mwanamke wa hapa, na wenzake wakaenda mahakamani, na Novemba ile ile mahakama ya shirikisho ikawapa haki yao. Na bibi yangu mimi, pale Ng'ambo ya Unguja, alishapanga foleni 1961. Nilipomwambia bibi wa huku, hakuamini.

Nikamuuliza, wanaume walikuwa na hoja gani? Marehemu akisema nyumba ni moja, basi kura moja inatosha. Tena uwanja mdogo, wote hawataenea. Huko Basel mwaka 1946 walibandika bango la chuchu ya mtoto, ile ya mpira, imetuliwa na nzi. Ukiliona tu umeshaelewa: mama kaenda kwenye siasa, mwana kaachiwa nzi.

Lakini lililonikaa rohoni ni kwamba hata bibi huyu mwenyewe alikuwa haitaki hiyo kura. Na hakuwa peke yake, maana kwenye kura ile ya 1959 walikuwapo wanawake waliounda kamati yao wenyewe ya kuipinga. "Nilikuwa nampa maneno mezani," akasema, "yeye anakwenda kunyoosha mkono. Nikijiona na mimi nimepiga."

"Na akinyoosha kwa jingine?"

Akanyamaza, nikadhani nimemuudhi. Kisha akasema, "Mikono ilikuwa mingi. Wa kwake sikuwahi kuuona."

Mchana nikamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka uwanjani, kadi kaikamata utadhani noti ya mwisho. Pale kwenye kamba wakampokea, mimi nikabaki nje, si raia. Nikasimama kwa vidole vya miguu. Waliponyoosha nikautafuta mkono wake, nikauona: umevaa ile glavu ya kijani niliyomfumia.

Niandikie habari za harusi ya Mwana.

Wako,
Rukia