Kwa mnaosindikiza wazazi leba, hapa Ujiji na Mwandiga

Wanangu, wakwe zangu, na nyinyi mashoga wa rika langu,

Nimesikia mnapangana nani ataingia leba na binti wa jirani yetu, mimba yake imeshatimia. Vizuri. Ila kabla hamjajifunga kanga kiunoni, nisikilizeni.

Enzi zangu mzazi aliingia peke yake. Mama yangu alibaki nje chini ya mwembe na chupa ya chai, mimi ndani nauma pindo la kanga. Hapa Kigoma vituo 9 vya serikali vilianza 2016 kujaribu kumwachia mama aingie na mtu wake, na 2018 Shirika la Afya Duniani likatamka kwamba kila mzazi awe na msindikizaji amtakaye. Amtakaye, nasema, si mama mkwe aliyejiteua. Muulizeni binti akiwa peke yake, maana mbele yenu atamtaja anayemwogopa.

Sasa niseme langu. Nilipomsindikiza mwanangu, uchungu ulipokaza nilishindwa kujizuia: "Sukuma, mama, sukuma!" Nesi akaniuliza kwa upole, "Bibi, umempima wewe?" Njia ilikuwa imefunguka sentimita 6 tu. Hasukumi mtu mpaka ifike 10. Akianza mapema njia huvimba, na nguvu zinamwishia kabla ya kazi yenyewe. Nikaona haya, nikamshika mgongo, nikanyamaza. Kumbe hicho ndicho nilichoitiwa.

Mgongo ni pale chini kabisa, juu kidogo ya makalio. Kandamiza kwa kiganja uchungu ukipanda, legeza ukishuka. Mpe maji funda moja moja, kama nesi hajakataza. Mtembeze. Mkumbushe kukojoa, kwa sababu kibofu kikijaa kinamziba mtoto njia. Mimi nimelijua hili uzeeni. Na kama Kiswahili cha nesi kinampita, mwambie kwa Kiha, taratibu.

Zile chupa za dawa ya kienyeji mnazoficha chini ya nguo kwenye beseni, ziacheni nyumbani. Uchungu wa kulazimisha unaweza kupasua mfuko wa uzazi, na nesi hatajua kilichomzidia mgonjwa wake. Binti akisema kichwa kinamgonga na macho yanaona nyota, au damu ikichuruzika nyingi, usikae kumpangusa jasho. Mwite nesi. Hapo kelele ruksa.

Waume nao wanauliza. Wodi nyingi vitanda vimebanana, ukiingia utawakuta wake za watu. Penye pazia, ingieni. Pasipo na pazia, kaeni nje na simu yenye chaji na bodaboda mnayemwamini.

Zamu ya usiku niachieni mimi, binti akinikubali. Beseni langu liko tayari: kanga mbili, kikombe, taulo, na pipi za kunifunga mdomo.

Bibi yenu, Ujiji