Mafunzo ya huduma ya kwanza ni JUMAMOSI, si Jumapili

Habari za jioni wanakikundi, poleni na majukumu.

Mafunzo yetu yamerudishwa nyuma siku moja kwa sababu muuguzi atakayetufundisha ana zamu Jumapili. Tukutane Jumamosi saa 3:00 asubuhi, ofisi ya serikali ya mtaa. Saa tatu ya kweli jamani, si ile ya vikao vyetu.

1. Mchango sh. 3,000, umfikie mweka hazina kabla ya Alhamisi jioni. Tutanunua glavu, gozi, bandeji na sanduku la kuvitunzia.
2. Njoo na khanga kuukuu. Tutajifunza kuuning'iniza mkono uliovunjika.
3. Wenye bodaboda msikose, ninyi ndio mnaofika kwanza kwenye ajali.

Tutaanza na majanga ya jikoni, maana ndiyo yanayotupata sana. Kwa sasa shikeni hili: mtoto akimwagikiwa uji wa moto, mwagia maji ya bomba yanayotiririka, ya kawaida na si ya barafu, kwa dakika 20. Nguo iliyogandia usiivute. Dawa ya meno, mafuta ya kupikia, unga, yai: hapana, hata kama bibi alipaka. Akinywa mafuta ya taa, usimtapishe, mkimbize hospitali.

Naomba kila mmoja aandike hapa jina lake na NAJA au SIJI kabla ya saa 4 usiku leo, mama wa chai ajue apike vikombe vingapi. Asanteni.