Moshi wa mtaani ni kazi ya kaunti, msingoje Nairobi

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini mwako nitoe dukuduku langu, najua barua yenyewe ni ndefu, kata unapotaka ila hapo chini kwenye mambo ya kaunti usikate tafadhali.

Mi ni mzaliwa wa Changamwe lakini miaka mingi sasa niko Chicago, jimbo la Illinois, kazi yangu kuhudumia wazee kwenye nyumba ya wazee. Juzi dadangu kanipigia video ya WhatsApp, hapa mchana huko saa nne usiku, kanigeuzia simu dirishani naona moto mwekundu nyuma ya ukuta na juu yake moshi mweusi tititi unaingia kwenye nyumba za watu. Kuna jamaa kafungua yadi ya skrepa, vyuma chakavu, hapo mtaani, usiku wanachoma nyaya wapate ile kopa, yaani shaba ya ndani, ile plastiki yote inaishia vifuani mwa watoto. Namuuliza mmeenda kwa nani, ananiambia tumeenda kwa chifu, chifu katutuma ofisi fulani, huko tukaambiwa hayo mambo huamuliwa Nairobi andikeni barua, wakaandika, sasa miezi minne imefika jibu hakuna. Sa hii ikifika saa mbili yeye anafunga madirisha anaweka tambara la maji chini ya mlango wanalala na joto lote lile la Mombasa.

Yadi za skrepa ziko kila mahali duniani, hata huku zipo. Mi kilichonichoma ni hilo neno Nairobi. Manake nimekaa huku nimeona watu wasio na pesa wala jina wakiangusha makampuni makubwa ya umeme, na hawakukaa kungoja Washington, walienda kwa mheshimiwa wao wa karibu wakamganda kama kupe.

Hebu niwaeleze kidogo. Hapa Chicago kulikuwa na mitambo miwili ya umeme wa makaa ya mawe katikati ya makazi ya watu, mmoja unaitwa Fisk uko mtaa wa Pilsen tangu 1903, na mwingine Crawford ulikuwa Little Village. Hiyo mitaa ni ya Wameksiko, vibarua, wapishi, kina mama wa kusafisha ofisi, na wengi hawana hata kura. Watafiti wa Harvard walikadiria hiyo mitambo miwili inasababisha vifo 41 vya mapema kila mwaka na mashambulizi ya pumu 2,800. Kuna mama mmoja wa hapo Little Village, Kimberly Wasserman, mwanawe akiwa mchanga alishikwa na pumu, kuuliza uliza akakuta nyumba jirani nazo ni pumu tupu, basi akaanza kugonga mlango mmoja baada ya mwingine. Ilichukua zaidi ya miaka kumi. Jimbo lilishawabana wenye mitambo kwa makubaliano ya 2006, waweke vyombo vya kusafisha moshi la sivyo wafunge, alafu watu wa mtaani wakawabana madiwani wa jiji, na kusema ukweli gesi nayo ikawa rahisi kuliko makaa, kompani ikapiga hesabu ikaona haina faida. 2012 mitambo yote miwili ikazimwa. Mwaka uliofuata huyo mama akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman.

Na msidhani ikaishia hapo kama sinema. Tarehe 11 Aprili 2020, Jumamosi ya kabla ya Pasaka, watu wamefungiwa ndani na korona, ugonjwa wenyewe wa kifua, wenye kiwanja wakaangusha lile dohani kuukuu la Crawford kwa baruti. Na kibali cha jiji kilikuwepo! Wingu la vumbi likafunika mtaa mzima. Mwenzangu wa kazini anakaa hapo, Jumatatu yake kaja na gari vile vile, nikapitisha kidole kwenye kioo nikakuta unga wa kijivu laini kama simenti, akaniambia mi siogopi gari, mi namuogopea mamangu alikuwa ameanika nguo. Mwanasheria mkuu wa jimbo, Kwame Raoul, mtoto wa wahamiaji wa Haiti huyo, akawashtaki wahusika mahakamani. Angalieni hapo, jiji lilitoa kibali, jimbo likaenda kortini. Hakuna aliyengoja Washington.

Washington yenyewe ningewaambia nini jamani. Kila miaka minne upepo unageuka, huyu anaingia kwenye mkataba wa Paris wa tabianchi, huyu anatoka, siku ya kwanza ofisini Januari 2025 Trump alitia sahihi ya kutoka tena. Ungekuwa unaitegemea Washington ungekuwa ushakufa na pumu zamani. Ndo maana watu wa huku macho yao yako Springfield, huo ndo mji mkuu wa Illinois, ni mwendo wa masaa matatu na gari, mahindi kulia mahindi kushoto mpaka unafika.

Hapo Springfield ndo ilipopita sheria kubwa ya umeme safi, gavana JB Pritzker akaitia sahihi tarehe 15 Septemba 2021. Inasema mitambo ya makaa ya watu binafsi iwe imefungwa ifikapo 2030, ile ya gesi 2045, na 2050 jimbo zima liwe na umeme safi. Kuna mpango wa sola kwa nyumba za kipato cha chini na mafunzo ya kazi kwa watu wa mitaa iliyokuwa inavuta ule moshi. Si sheria ya malaika, mitambo ya nyuklia ilipewa mamilioni ya dola ndo isifungwe, na mtambo mmoja mkubwa wa makaa huko kusini umepewa muda mpaka 2045 kwa sababu miji midogo mingi iliingiza pesa zake humo. Bado mi nasema ni kitu.

Na mimi mkono wangu umo humo, msicheke. Mwenzangu huyo huyo wa kazini alinifundisha tukiwa kwenye chumba cha chai. Bunge la jimbo huku lina kitu naweza kukiita kikaratasi cha shahidi, mswada ukiwa kwenye kamati unaingia kwenye tovuti ya bunge kwa simu yako, unaandika jina na mji, unachagua naunga mkono au napinga, unaweka kwamba unajiwakilisha mwenyewe na hutasimama kuongea, unatuma. Dakika tatu. Hawakuulizi kama wewe raia, mi wakati ule sikuwa na kura, na jina lako linakaa hapo kila mtu anaona wangapi wanataka na wangapi hawataki. Nilituma huku chai yangu haijapoa. Nikajisikia mtu.

Mtaniambia ah Marekani hakuna rushwa. Nani kawadanganya? Aliyekuwa spika wa bunge la jimbo hapo Springfield, Michael Madigan, alikalia kile kiti zaidi ya miaka 30, na kampuni ya umeme ya Chicago ilikiri 2020 kwamba iliwagawia watu wa Madigan kazi na mikataba ili imlainishe, ikapigwa faini ya dola milioni 200, mzee mwenyewe 2025 akafungwa miaka saba na nusu. Na ile sheria ya umeme safi ikapita hivo hivo, katikati ya uozo huo. Kwa hivyo hiyo habari ya "kwetu viongozi wameoza hatuwezi kitu" mi siinunui.

Sasa turudi nyumbani. Hatuna majimbo lakini tuna kaunti 47, na watu wengi, hata waliosoma, hawana habari kuna nini kwenye Katiba ya 2010. Fungua Jedwali la Nne, sehemu ya pili, namba tatu: kudhibiti uchafuzi wa hewa, kelele na kero zingine za umma ni kazi ya serikali ya kaunti. Imeandikwa kabisa. Leseni za biashara nazo, huyo mwenye yadi anayechoma nyaya, anapata kaunti. Kwa hivyo yule afisa aliyemwambia dadangu nenda Nairobi ama hajui kazi yake ama anajua sana, mi nashuku hilo la pili. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 88, inampa mwananchi haki ya kupeleka ombi kwa kaunti, na Katiba kifungu cha 196 inalilazimisha bunge la kaunti lishirikishe watu. NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ina kazi yake, sikatai, lakini MCA, mwakilishi wa wadi yako bunge la kaunti, unakutana naye msikitini, kwenye matanga, kwa kinyozi, atakukimbia mpaka lini?

Na tukienda tusiende kulia tu jamani, twende na kitu mkononi. Mi nina kimoja. Illinois 2019 ilitunga sheria ya majivu ya makaa, kwamba mwenye madimbwi ya majivu lazima aweke dhamana ya pesa ya kusafisha mapema, kabla hajafilisika ama hajatoroka. Angalieni sisi kwa kukosa hiyo. Owino Uhuru, hapo hapo Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilimwaga sumu ya madini ya risasi ikaingia kwenye damu za watoto, Phyllis Omido mtoto wake mwenyewe akaugua, akapigania mpaka kikafungwa 2014, akapata tuzo hiyo hiyo ya Goldman 2015. Kesi wakashinda 2020, shilingi bilioni 1.3, rufaa ikawapokonya, Mahakama ya Juu ikawarudishia Desemba 2024. Miaka kumi tangu kiwanda kifungwe! Kuna mtoto alikuwa darasa la kwanza sasa ana kitambulisho. Kaunti ikiweka sharti kwamba hakuna leseni ya yadi ya skrepa wala ya betri bila dhamana mezani, na wakaguzi wa usiku, manake moshi huu ni wa usiku, hao wachomaji watajipanga wenyewe.

Umeme kwetu si tatizo kama huku, wetu mwingi ni mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo, ndo maana ule mpango wa mtambo wa umeme wa makaa Lamu mi niliona kichekesho na nikafurahi baraza la kusikiliza kesi za mazingira lilipofuta leseni yake 2019. Ila umeme safi hausaidii kitu kama jirani anachoma matairi.

Dadangu nimemwambia anunue daftari la kurasa 96, aandike tarehe, saa moto unapowashwa, saa unapozimwa, nani kakohoa nani kapelekwa hospitali. Yuko ukurasa wa tisa. Majina ya ombi anayo 64, wazee wa msikiti wawili na mchungaji mmoja wamo.

Na wewe mhariri nina ombi lako pia. Matangazo ya vikao vya umma vya bunge la kaunti mengi nayaona kwenye magazeti ya Kizungu, maandishi madogo kama chungu, mama wa Changamwe atayaona wapi? Yawekeni kwa Kiswahili, tarehe, saa na ukumbi, hata kipande cha pembeni karibu na kurasa za mpira, watu watayaona.

Mwana wa Changamwe,
Chicago, Illinois