Kava la plastiki juu ya injini: libaki au litolewe?

Libaki, mradi limekaa imara kwenye vishikizi vyake vyote na sponji iliyo chini yake ni kavu. Likiwa linacheza, au sponji imelowa oili, litoe leo, uliweke nyumbani mpaka litengenezwe. Gari linaweza kutembea bila kava, isipokuwa lile ambalo kava lake ndilo lenye chujio la hewa. Kava lililolegea ndilo la kuogopa.

Wengi wanaoomba litolewe husema linaipandishia injini joto. Joto la injini huondolewa na maji ya rejeta. Kwenye 1NZ-FE, injini iliyomo ndani ya IST nyingi, themostati, yaani vali inayofungulia maji njia ya rejeta, huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84 za Selsiasi. Maji yanakwenda kwenye rejeta, upepo na feni vinayapoza, yanarudi. Toa kava, kaa kwenye foleni ya Ubungo saa nzima, na mshale wa joto utabaki palepale. Gari linalochemsha lina ugonjwa wake: maji yamepungua, feni haizunguki, rejeta imeziba, mfuniko wake haushiki presha, themostati imeganda au gasketi ya silinda hedi imeungua. Kulitolea kava gari la namna hiyo ni kumvua kofia mgonjwa wa malaria.

Kazi kubwa ya kava ni kupunguza kelele, na ndiyo maana mengi yana sponji au kitambaa kizito upande wa chini. Tofauti husikika zaidi kwenye injini zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kama 4GR-FSE ya Mark X na 1AZ-FSE ambayo mafundi huiita D4. Pampu ya presha kubwa na injekta zake hugonga tik-tik-tik hata injini ikiwa nzima kabisa. Mwenye gari akisikia mlio huo baada ya kava kutoka, huanza kutafuta fundi wa kufungua injini. Dizeli nazo ni hivyohivyo. Kava pia huzuia vumbi, majani na matone yasiangukie koili zinazopelekea plagi umeme na soketi za nyaya, ingawa haliwezi kuzuia maji ya mashine ya kuoshea magari.

Kabla hujalitoa, jua ni kava la aina gani. Baadhi si pambo.

Kwenye 1KR-FE, injini ya silinda tatu ya cc 1000 iliyomo kwenye Passo na Vitz ndogo, plastiki kubwa unayoiona juu ndiyo nyumba ya chujio la hewa. Golf za toleo la tano zenye injini za FSI nazo zina chujio ndani ya kava. Ukiwasha gari hivyo bila plastiki hiyo, injini inavuta hewa isiyochujwa. Vumbi la barabara ya udongo lina chembe za mchanga, nazo husaga ringi za pistoni na kuta za silinda kimyakimya, hadi siku utakapoona moshi wa bluu na oili inapungua. Kwenye Prado na Hilux zenye 1KD-FTV, na kwenye Forester nyingi za turbo, tundu la boneti hupeleka upepo kwenye intakula (kipoza hewa inayoingia kwenye injini) iliyolala juu ya injini. Plastiki na raba zinazoizunguka huulazimisha upepo upite ndani yake. Zikikosekana, upepo hupita pembeni na hewa inaingia kwenye injini ikiwa ya moto zaidi. Vilevile usichanganye kava na plastiki ndefu iliyo juu ya rejeta au ile ngao ya chini ya injini. Hizo zinaongoza upepo, na zinapaswa kurudishwa kila zinapofunguliwa.

Ubaya wa kava ni kwamba linaficha. Gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha injini kilicho chini ya kava la plastiki, ikichoka, oili huvuja pole pole, na sili za mashimo ya plagi zikichoka nazo, mashimo hujaa oili. Koili inaharibika, gari linamisi (silinda moja haiwaki sawasawa), taa ya injini inawaka, na mtu ananunua koili nne wakati tatizo lilikuwa raba. Panya nao wanaipenda sponji: ni laini, ina joto, na nyaya za kutafuna ziko hapohapo. Gari lililolala wiki mbili chini ya mwembe likaguliwe chini ya kava kabla ya kuwashwa.

Sasa kuhusu moto. Sponji iliyolowa oili ikikaa karibu na eksozi au turbo ni kama utambi. Hata plastiki yenyewe ikilegea na kugusa turbo huyeyuka. Mwaka 2025 Volkswagen iliyaita magari yake ya Atlas na Atlas Cross Sport nchini Marekani kwa sababu kava lingeweza kuchomoka na kugusa sehemu za moto. Basi usipuuze lile linalogongagonga ukipita kwenye matuta.

Tunashauri lifunguliwe kila unapobadilisha oili. Zima injini, subiri nusu saa. Kwenye Toyota nyingi utahitaji spana namba 10 kwa boliti au nati mbili, na nyingine hazina boliti kabisa, zimebanwa kwa vishikizi vya raba tu. Kwa hizo, inua kona moja moja ukiwa umeweka vidole karibu na kishikizi. Ukivuta kwa nguvu kutoka upande mmoja, masikio ya plastiki yanakatika, hasa kwenye gari lililopigwa na joto miaka kumi na zaidi. Kama kijiti cha kupimia oili au mfuniko wa oili umepita katikati ya kava, utoe kwanza, kisha ziba shimo kwa kitambaa safi. Nati ikidumbukia humo, kazi ya dakika tano inageuka kazi ya siku nzima.

Angalia mambo haya: unyevu wa oili kwenye ukingo wa tapeti kava, waya uliosuguliwa, kinyesi cha panya, na raba. Raba nzima hubonyea ukiibana kwa kucha. Iliyogeuka ngumu kama kifungo ibadilishwe. Wakati wa kurudisha, paka raba maji ya sabuni au silikoni kidogo. Usipake grisi ya kawaida, huivimbisha raba. Bonyeza juu ya kila kishikizi mpaka kiingie. Boliti zikazwe kwa mkono tu, maana zimeshika plastiki.

Ukiosha injini, usielekeze mashine kwenye koili kava likiwepo au lisiwepo. Baada ya kuosha, fungua kava na upulizie mashimo ya plagi kwa upepo wa kompresa, kwani maji yaliyoingia chini yake huchelewa kukauka.

Likivunjika masikio mawili, usilifunge kwa waya. Kava la mtumba hupatikana Gerezani kwa Dar es Salaam au Kirinyaga Road kwa Nairobi. Nenda na jina la injini yako, kama 1NZ-FE, kwa sababu gari la jina moja linaweza kuwa na injini mbili zenye makava tofauti. Na kama sponji imelika, ing'oe yote uache plastiki tupu. Kipande cha godoro kilichobandikwa kwa gundi kinashika moto haraka kuliko hiyo uliyoing'oa.