Kaka, nenda ukapimwe macho

Kaka,

Shikamoo. Wanangu wanakusalimu, na yule wa mwisho bado anazingojea embe dodo ulizomwahidi.

Siku ile barazani, daktari alikuwa ameshasema Baba ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, dawa yake upasuaji. Ukasema, "Mzee kwa umri huu, aone nini tena?" Baba alikuwa amekaa pale pale. Macho ndiyo yaliyokwisha, Kaka, masikio yalikuwa mazima. Aliinama akawa anapapasa fimbo yake, na hakuwa na pa kwenda. Lile la shamba nimelisamehe. Hili limenikwama.

Kisha ukaleta vichupa vya matone, eti vitayeyusha utando. Utando gani? Nyuma ya mboni kuna lenzi, imejaa protini ziitwazo kristalini, zimejipanga zikapitisha mwanga. Chembe hai za ndani ya lenzi hupoteza viini vyake, haziwezi kutengeneza protini mpya. Protini za katikati kabisa Baba alizaliwa nazo. Umri, jua, moshi wa sigara na sukari ya damu huziharibu kidogo kidogo. Aina mojawapo, alfa-kristalini, huzishika zilizoharibika zisigandane, lakini nayo mwishowe huelemewa. Zikishagandana mwanga hutawanyika, mtu akaona ukungu. Ute wa yai ukishachemka ukawa mweupe, utaurudisha kwa tone gani?

Ukadai pia wanataka kumfanyia majaribio. Majaribio! Daktari wa macho Harold Ridley aliweka lenzi ya plastiki ndani ya jicho la mgonjwa, badala ya ile iliyoharibika, mwaka 1949, kule London. Siku hizi upasuaji huo mara nyingi hauchukui hata nusu saa, jicho linatiwa ganzi, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Nilikuwa mbali, ndiyo. Lakini pesa ya upasuaji nilituma, na nilipiga simu nikabembeleza. Wewe ndiye mkubwa, neno lako ndilo lililopita. Ningefanyaje, nimbebe Baba mgongoni kutoka huku? Wanaosema nilimtelekeza walijue hilo. Amekufa hajauona uso wa mjukuu aliyepewa jina lake.

Sasa ni zamu yako, na wewe sitaki nikupoteze hivyo. Una kisukari, sigara hujaacha, na shemeji ananiambia usiku taa za magari zinakutia kiwi hadi umeacha kuendesha. Sukari ikizidi hujishikiza kwenye kristalini zile zile, ndiyo maana wenye kisukari mtoto wa jicho huwawahi. Nenda. Wakutie dawa ya kupanua mboni, waangalie lenzi, waangalie na retina, ule utando unaopokea mwanga huko nyuma ya jicho, maana kisukari hakiishii kwenye lenzi. Gharama zote juu yangu, na shemeji akusindikize, hutaweza kurudi peke yako na mboni zimepanuliwa.

Ukiuliza kwa nini nayaandika haya mbele za watu, ni kwa sababu simu zangu hupokei tangu arobaini ya Baba.