Mti mrefu, mlima mrefu

Arusha,
Jumapili jioni

Mpendwa Baba Neema,

Salaam nyingi kutoka huku. Sisi wazima, mtoto amepona kikohozi, na ile migomba uliyoniachia imeanza kutoa mikungu. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa ndani ya daladala, nikacheka peke yangu mpaka konda akanitazama mara mbili.

Nikueleze sasa kwa nini wale wageni walinyamaza. Ulipojitolea kufunga kamba ya kuanikia makoti yao pale kambi ya Mandara, Kilimanjaro, ukasema "Don't worry, I am high", wewe ulimaanisha u mrefu, tawi utalifikia. Wao walimsikia mtu atakayewapandisha mlimani kesho yake akikiri kwamba amevuta bangi. Ndiyo maana kiongozi wenu alikuja kukunusanusa usiku. Msamehe, alikuwa anafanya kazi yake.

Kosa si lako peke yako, ni la neno letu. Sisi tukishasema "refu" tumemaliza: mtu mrefu, njia ndefu, mlima mrefu, kisima kirefu. Kinachobadilika ni kiambishi tu. Mwingereza viambishi vya namna hiyo hana, lakini hapo kwenye "refu" moja ana maneno manne, na kabla ya kuchagua hujiuliza urefu wenyewe umeelekea wapi.

"Tall" ni cha kitu kilichosimama kutoka chini kwenda juu, na mara nyingi ni chembamba ukilinganisha na kimo chake. Mtu, mti, mnara, ghorofa, bomba la moshi. Yule mpishi wenu anayeinama kuingia jikoni ni "a tall man". Ukimwita "a long man", mgeni atamwona amelazwa chini anapimwa kwa tepu kama ubao.

"Long" ni cha kilicholala, kinachonyooka au kinachoning'inia: njia, mto, kamba, nywele, mkia. Na muda pia, "a long day", hiyo unaijua vizuri kwenye magoti. Hapa twiga ndiye mwalimu wangu. Mnyama mzima ni "tall", maana amesimama. Lakini shingo yake, ingawa nayo imesimama, ni "long", na miguu yake vilevile, kwa sababu shingo, miguu, mikono na pua huitwa "long" hata vikae vipi. Jaribu kuisema hii kwa sauti ukiwa peke yako: "The giraffe is tall because it has long legs and a long neck." Mimi niliirudia wiki nzima nikiosha gari.

Kisima, shimo na bonde, urefu wake ukienda chini, ni "deep". Hapo sina la kuongeza.

Kazi iko kwenye "high", na wewe ndilo utakalolitumia kila siku. Hilo hupewa kitu kikubwa na kipana kilichoinuka, kama mlima au ukuta, au kitu chochote kilicho mbali na ardhi: wingu, dari, rafu ya juu. Mti ni "tall", lakini kiota kilicho kileleni mwake ni "high". Tai akiwa angani ni "high" hata kama mwenyewe ni mfupi. Binadamu akijiita "high" bila kuongeza neno, basi ni bangi au furaha iliyopitiliza, na kule kambini hakuna atakayefikiria furaha.

Bahati yako mlima wenu umekupa sentensi ambayo mimi ningeilipia. Mwaka 2016 wanasayansi walitangaza kwamba kwenye bonde moja la Kilimanjaro kuna mkukusu wenye mita 81.5, mti wa asili mrefu kuliko yote iliyopata kupimwa Afrika. Kwa hiyo mwambie mgeni: "The tallest native tree in Africa grows on the highest mountain in Africa." Kiswahili kingetumia "mrefu" pande zote mbili bila kona. Wewe ukiisema hiyo bila kukwama, mgeni atajua yuko na mtu anayejua anachokisema. Usishangae ukimsikia Mmarekani akisema "the tallest mountain", nao wenyewe huchanganya, lakini wewe shika "high" kwa mlima, hutakosea.

Halafu namba. Sisi tunasema mti huu una urefu wa mita kadhaa, kwa hiyo tunapovuka kwenda kwao tunasema "It is tall 81 metres". Geuza: "It is 81.5 metres tall." Kibo, kilele cha Kilimanjaro: "It is 5,895 metres high." Wakikuuliza "How high are we?" mkiwa kambi ya Horombo, jibu "We are at 3,720 metres", basi. Na siku ya kuwapimia fimbo za kutembelea, swali ni "How tall are you?" Tafadhali usimuulize mama wa watu "How long are you?"

Ndogondogo zilizobaki: husemi "more taller", "taller" inatosha yenyewe. Miti ikiwa mingi, "tall" haipati wingi kama sisi tunavyosema miti mirefu. Ni "tall trees" na s inakaa kwenye miti tu. Na kinyume chake kinakushika pia, maana "fupi" yetu nayo inafanya kazi nyingi: mtu na kamba ni "short", lakini ukuta ni "low" na kisima ni "shallow".

Nilitaka kusahau. Siku mgeni akimsikiliza mpishi wenu anavyosimulia alivyofukuzana na chui, kisha akacheka na kusema "That's a tall story", hajapima urefu wa hadithi. Anasema imetiwa chumvi. Usimtafsirie mpishi.

Mtihani wako ukikaribia nipigie, tutafanya mazoezi kwa simu, mimi niwe mgeni msumbufu anayeuliza jina la kila jani. Ukishuka safari hii nitumie ndizi za Marangu kwa yeyote anayekuja mjini, za kwangu bado changa. Msalimie sana Mama Neema na watoto. Na kamba ya makoti endelea kuifunga wewe, wenzako wote hawafikii lile tawi.

Ni mimi ndugu yako,
Baba Upendo